Tovuti ya kipande kimoja au vipande mia? Kisa cha tangazo la msiba lililokosa kusomwa

Ndugu wasomaji, wengi wenu mtakumbuka kwamba usiku wa Jumamosi moja ya Februari 2025 ukurasa huu ulipotea kwa muda wa saa kumi na mbili. Wapo waliotuandikia kuuliza kama tumefungiwa. Wapo waliosema kwamba mkono wa wakubwa umetufikia huku huku ughaibuni. Ukweli ni kwamba hakuna aliyetufungia. Tulijifunga wenyewe, na kilichotufunga ni picha za harusi.

Ulikuwa msimu wenyewe, siku chache kabla ya Ramadhani, wakati ambapo kila nyumba yenye binti wa kuozwa huwa mbioni. Tukaletewa picha 340 za harusi moja kubwa ya Unguja, yenye wageni waliotoka Dubai, Muscat, London na Toronto, nasi kwa tamaa ya kupata wasomaji tukaziweka zote. Jamaa wakaanza kuzifungua kwa maelfu, kila mmoja akitafuta sura yake na ya shangazi yake. Ilipofika saa tatu usiku kwa saa za London, kompyuta inayobeba ukurasa huu ikaishiwa nguvu. Programu ikaanguka. Na kwa kuwa programu yetu ni moja, ilipoanguka haikuangusha picha peke yake. Ilianguka na habari, na makala, na bei za nauli, na matangazo ya misiba.

Hayo ya misiba ndiyo yaliyotuumbua. Nusu saa kabla ya hapo tulikuwa tumeweka tangazo la mama mmoja aliyefariki Mjini, maziko kesho yake baada ya sala ya Alasiri. Kaka yake yuko Muscat. Ni mzee ambaye kila siku akishasali Alfajiri hufungua ukurasa huu, husoma misiba kwanza, halafu habari nyengine. Alfajiri ile hakukuta kitu. Watoto wa marehemu walikuwa wamempigia nambari yake ya zamani, haikupatikana, wakasema tangazo limeshatoka, ataliona. Angeliona, angeiwahi ndege ya asubuhi. Alilisoma Jumapili jioni, dada yake ameshazikwa.

Jumatatu akanipigia simu. Sikumsikia hata akipandisha sauti. Aliniuliza jambo moja tu: "Mwanangu, lile tangazo nyinyi mlilitia saa ngapi?" Nikamwambia. Akanyamaza kidogo, akasema haya, Mungu amrehemu, akakata simu.

Tangu siku hiyo kumekuwa na mjadala mkali miongoni mwetu tunaouendesha ukurasa huu. Kijana wetu fundi, ambaye mchana anafanya kazi ya kuajiriwa na usiku anatusaidia sisi bila ya malipo, alikuja na waraka wa kurasa kumi na moja. Anataka tuivunje programu hii na tuijenge upya kwa vipande tisa vinavyojitegemea. Kipande cha habari mbali, cha picha mbali, cha misiba mbali, cha kutafuta makala za zamani mbali, na kadhalika. Kila kimoja kiwe programu kamili, yenye databesi yake, inayoweza kuwashwa na kuzimwa bila ya kuvigusa vyengine. Wenyewe wanaziita maikrosevisi. Mimi nitaziita huduma ndogondogo. Nilipewa kazi ya kuuchunguza mpango huo na kuwaeleza wenzangu kama una maana, kwa hoja kwamba sijui kitu kuhusu kompyuta na kwa hiyo sitadanganyika na maneno makubwa. Nimesoma kwa miezi. Niliyoyakuta nimeona si haki niyafungie ndani ya kikao, kwani ni mambo yanayogusa hata benki unayoweka pesa zako na simu unayotumia pesa nyumbani.

Tuanze na chakula, maana hapo ndipo mimi nilipofahamu. Pishi la harusi hupikwa ndani ya sufuria kubwa moja. Mpishi mkuu ni mmoja, moto ni mmoja, na amri ni moja. Kazi inakwenda haraka na kwa gharama ndogo. Lakini chumvi ikizidi imezidi kwa wageni wote mia tano, na pilau ikiungua hakuna atakayekula. Sasa nenda Forodhani jioni. Huyu anauza urojo, yule mishikaki, huyu juisi ya miwa, yule mkate wa mofa. Mwenye juisi akiumwa, mishikaki iko pale pale. Siku ambayo wageni wanataka urojo tu, muuza urojo ataongeza sufuria na kumwita mdogo wake amsaidie, na wengine hawatajua. Programu ya zamani ni sufuria la harusi. Huduma ndogondogo ni Forodhani.

Fikra yenyewe si mpya kama vijana wanavyotaka tuamini. Amazon ilifungua duka lake kwenye intaneti Julai 1995, na kwa miaka ya mwanzo duka zima lilikuwa programu moja iliyokuwa ikinenepa kila kukicha. Mafundi walipokuwa mamia, kila mmoja akawa anamkanyaga mwenzake. Anayebadilisha ukurasa wa vitabu anamharibia anayeshughulikia malipo. Mnamo mwaka 2002 au karibu yake, Jeff Bezos akatoa amri, ambayo sisi wa nje tuliifahamu zaidi mwaka 2011 pale fundi mmoja aliyewahi kufanya kazi huko, Steve Yegge, alipoandika waraka mrefu ambao kwa bahati mbaya yake ulisomwa na dunia nzima. Amri yenyewe ilikuwa hivi: kila kikosi kitoe data yake na kazi yake kupitia mlango rasmi, na vikosi vyengine viingie kwa mlango huo tu. Hakuna kuruka ukuta, hakuna kuchungulia databesi ya jirani. Mwaka 2006 mkuu wao wa teknolojia, Werner Vogels, alieleza kwamba ukifungua ukurasa wa mbele wa Amazon, nyuma yake huulizwa huduma zaidi ya 100 kabla hujaona kitu. Akaongeza jambo ambalo mimi naliona ndilo kubwa kuliko yote: kikosi kinachojenga huduma ndicho hicho hicho kinachoiendesha na kinachoamshwa usiku ikiharibika.

Mlango rasmi huo si kitu kigeni kwetu. Safaricom ya Kenya ilipowafungulia mafundi wa nje mlango wa kuunganisha programu zao na M-Pesa mwaka 2017, iliuita Daraja. Fundi wa duka hajui ndani ya M-Pesa kuna nini, wala hana haja ya kujua. Anapita darajani na ujumbe wake, anajibiwa, basi. Hivyo ndivyo huduma ndogondogo zinavyozungumza, ila badala ya daraja moja kati ya kampuni mbili kuna madaraja mia kati ya vyumba vya nyumba moja.

Lakini kisa kinachosimuliwa mno na mafundi, na ambacho kijana wetu alikiweka kwenye ukurasa wa kwanza wa waraka wake, ni cha Netflix. Agosti 2008 kampuni hiyo ilikuwa bado inategemea sana kupeleka DVD kwa posta. Databesi yake kuu ikaharibika, na kwa muda wa siku tatu haikuweza kumpelekea mteja hata santuri moja. Databesi moja, siku tatu. Wakubwa wake wakaamua kwamba balaa lile lisirudi. Wakaanza kuhama kutoka kwenye kompyuta zao wenyewe kwenda kwenye kompyuta za kukodi za Amazon, na badala ya kuhamisha mzigo kama ulivyo, waliuvunja na kuujenga upya kwa mamia ya huduma ndogondogo. Kazi hiyo ilimalizika Januari 2016. Miaka saba, ndugu msomaji, kwa kampuni yenye fedha na mafundi wa kuchagua.

Walifanya na jambo jengine ambalo niliposoma mara ya kwanza nilidhani ni mzaha. Walitengeneza programu wakaiita Chaos Monkey, yaani kima wa fujo, ambayo kazi yake ni kuzunguka ndani ya mitambo yao na kuzima kompyuta moja moja bila ya taarifa, tena saa za kazi. Makusudi ni kuwalazimisha mafundi wajenge huduma ambazo jirani yake akifa zinaendelea. Ikifa huduma ya kukupendekezea filamu, usione ukurasa mweupe. Uone orodha ya kawaida ya filamu zinazopendwa, na pengine usijue kama kuna kitu kilichokufa. Kama sisi tungekuwa na kima huyo, angetuzimia picha siku ya Jumatatu mchana tukiwa macho, na tungegundua mapema kwamba picha zikifa zinaondoka na misiba.

Wale waliokuwa kwenye Twitter mwanzoni mwanzoni watamkumbuka nyangumi aliyekuwa akibebwa na ndege wadogo kila mtandao ulipozidiwa. Hiyo nayo ilikuwa programu ya kipande kimoja, iliyoanza mwaka 2006 na ambayo haikutarajia umati ule. Waliivunja pole pole, na mwaka 2013 nyangumi akastaafishwa.

Jina lenyewe la maikrosevisi lilitajwa kwenye mkutano mdogo wa wajenzi wa programu karibu na Venice, Mei 2011. Lililolitia kwenye vinywa vya watu wote ni makala ya Machi 2014 ya Waingereza wawili, James Lewis na Martin Fowler. Humo nilikuta mfano ambao ulinifanya nikae vizuri kwenye kiti, kwa sababu ni wa kazi yetu: gazeti la The Guardian. Tovuti ya gazeti hilo ilijengwa kama kipande kimoja, na wakati makala inaandikwa kipande hicho kilikuwa bado ndicho moyo wa tovuti. Hawakukivunja kwa siku moja. Walichokifanya ni kwamba kila walipotaka jambo jipya walilijenga pembeni kama huduma ndogo inayoomba habari kwenye kile kipande kikubwa kupitia mlango. Hii iliwafaa zaidi kwa mambo ya muda, kama kurasa maalumu za mashindano ya michezo. Unazijenga haraka, mashindano yakimalizika unazibomoa, na nyumba kubwa haikuguswa. Nilipomwonesha kijana wetu aya hiyo aliniambia, "Ami, hiyo naijua, lakini wao walikuwa wanahama pole pole kwa sababu walikuwa wakubwa. Sisi ni wadogo, tunaweza kuhama mara moja." Nikamwambia hebu tusubiri.

Nilimwambia tusubiri kwa sababu tayari nilikuwa nimeanza kusoma upande wa pili, ambao kwenye waraka wake ulipewa nusu ukurasa.

Ndani ya programu moja, sehemu ya habari inapotaka kitu kwa sehemu ya picha, ni sawa na mtu kumnong'oneza aliye kando yake. Ikiwa ni huduma mbili kwenye kompyuta mbili, ni sawa na kumpigia simu. Simu huweza kuwa na shughuli. Huweza kukatika katikati. Mbaya zaidi, huweza kukatika baada ya ujumbe kufika lakini kabla ya jibu kurudi, na hujui kama lile tangazo limewekwa au halikuwekwa. Ukilituma tena huenda likatoka mara mbili. Mafundi wa kampuni ya Sun waliorodhesha miaka ya tisini dhana potofu ambazo watu huwa nazo kuhusu kompyuta zinazozungumza kwa mtandao, na ya kwanza kabisa ni kudhani kwamba mtandao ni wa kutegemewa. Sisi ambao tumewahi kutuma habari kwa simu ya kukodi kutoka kijijini hatuhitaji kufundishwa hilo.

Halafu kuna hesabu. Tuseme kila huduma inafanya kazi kwa asilimia 99.9 ya wakati. Inaonekana nzuri, kwa mwaka mzima inalala chini ya saa 9. Lakini kama ukurasa hauwezi kufunguka mpaka huduma zote tisa ziitikie, basi kulala kwao kunajumlishana na ukurasa utakuwa chini karibu saa 79 kwa mwaka. Zikiwa 100, utapotea karibu siku 35. Ni kama vile Forodhani ungekuwa na kanuni kwamba hakuna mtu kula mpaka wauzaji wote wawe wamefika. Kuvunja programu bila ya kuvunja utegemezi ni kujiongezea maradhi. Netflix hawakupona kwa sababu ya kuwa na vipande vingi; walipona kwa sababu walikaa wakajiuliza, kwa kila kipande, kikifa mwenzake afanye nini.

Na hata wao hawakupona moja kwa moja. Mkesha wa Krismasi wa 2012 watu wa Marekani walikaa mbele ya televisheni zao na filamu hazikuwaka. Fundi mmoja wa Amazon alikuwa amefuta kwa bahati mbaya taarifa za mitambo inayogawa wageni kwenye kompyuta za upande wa mashariki wa Marekani. Upande huo huo ndio ulioangusha nusu ya dunia tarehe 20 Oktoba 2025. Mashine mbili zinazojiendesha zilipishana katika kuandika anwani ya databesi moja inayotegemewa na wote, anwani ikabaki tupu, na watu huku Uingereza wakashindwa kuingia kwenye benki na hata kwenye tovuti ya mamlaka ya kodi. Huduma zote hizo zilikuwa zimevunjwa vipande kwa mujibu wa vitabu. Chini yao kulikuwa na nguzo moja ambayo wengi wao waliisahau.

Gharama nayo isikie. Kampuni ya Segment ya San Francisco, inayokusanya data za wateja na kuzisambaza kwa programu nyengine, ilikuwa na huduma zaidi ya 140, moja kwa kila mahali pa kupeleka data. Mwaka 2018 ilieleza hadharani kwamba mafundi watatu walikuwa wanamaliza siku zao kwa kuziweka hai tu, hawajengi kitu kipya. Wakazikusanya zote, wakazirudisha kuwa programu moja, na wakapumua. Uber mwaka 2020 ilikuwa imefika huduma muhimu 2,200, na yenyewe ilikiri kwamba fundi anayetafuta chanzo cha tatizo moja aliweza kulazimika kupita kwenye huduma kama 50 za vikosi 12. Nani katika hao 12 atakubali kwamba kosa ni lake? Wanaoijua siasa ya nyumbani jibu wanalo.

Na mwaka 2023 ikatoka habari iliyowafurahisha wapinzani kupita kiasi. Kikosi kimoja cha Prime Video, ambayo ni mali ya Amazon yenyewe, kilikuwa na chombo cha kukagua kama picha na sauti za filamu zinakwenda vizuri. Kilijengwa kwa vipande vidogo vidogo, na vipande hivyo vilikuwa vinapashana picha kupitia ghala la kukodi, kila kupokea na kutoa kuna bei. Kilikwama kilipofikia asilimia 5 hivi ya mzigo uliotarajiwa. Wakavikusanya vipande ndani ya programu moja na gharama ikashuka kwa zaidi ya asilimia 90. Magazeti ya mafundi yakapiga kelele kwamba Amazon imeyakana maikrosevisi. Si kweli. Kilikuwa chombo kimoja cha kikosi kimoja. Lakini ni funzo zuri kwamba vitu vinavyopeana mzigo mkubwa kila sekunde havitengwi nyumba.

Katika kusoma huku nilikutana na mtu ambaye hakuwa akizungumzia maikrosevisi hata kidogo, na ndiye aliyenisaidia kuliko wote. Anaitwa Melvin Conway. Aprili 1968 alichapisha makala iliyosema kwamba taasisi ikibuni mtambo, umbo la mtambo huo litakuwa nakala ya namna watu wa taasisi hiyo wanavyowasiliana. Kama idara tatu hazisemeshani, mtambo utakuwa na sehemu tatu zisizosemeshana. Amazon ilikuwa na vikosi vingi vidogo, ikapata huduma nyingi ndogo. Benki ya Monzo ya hapa Uingereza, iliyoanzishwa 2015, imepindukia huduma 1,500, lakini ina mafundi kwa mamia na tangu mwanzo ilijipanga hivyo. Wao wanaweza.

Sisi je? Sisi ni watu watano. Mimi, mhariri aliyeko Ujerumani, dada anayeshughulikia misiba na harusi kutoka Oman, mhasibu ambaye ni mhasibu kwa sababu hakuna mwengine, na fundi mmoja. Fundi mmoja! Kila huduma ikitaka mlinzi wake, kijana huyu atakuwa na lindo tisa, na mchana ana mwajiri anayemdai kazi. Nilipomuuliza, "Mwanangu, saa nane za usiku kipande cha saba kikifa, nani atakayeamka?" alicheka, akasema kitajiamsha chenyewe. Nikamuuliza kikishindwa kujiamsha? Hakujibu. Baadaye akanitumia ujumbe: "Ami, nimeona unachokisema. Lakini hii programu ya sasa iliandikwa na mtu aliyeondoka 2009 na hakuacha hata ukurasa mmoja wa maelezo. Nikigusa hapa inalia kule. Mimi nachoka." Na hapo ndipo nilipofahamu kwamba waraka wake wa kurasa kumi na moja ulikuwa pia ni malalamiko. Tulikuwa tumemwachia nyumba iliyojengwa na mwengine, bila ya ramani, na kila linapovuja tunamwita yeye.

Kuna na sababu yangu mwenyewe ya kulichukulia jambo hili kwa uzito, na wenzangu wanaijua. Gazeti nililolifanyia kazi nyumbani lilizimwa kwa barua moja. Mtambo wa kuchapa ulikuwa mmoja, leseni moja, ofisi moja yenye mlango mmoja, na waliokuja walihitaji kufuli moja. Tangu wakati huo siwezi kuona kitu kinachosimama juu ya mguu mmoja nikalala. Kwa hiyo moyo wangu ulikuwa upande wa fundi tangu mwanzo. Vipande tisa ni kufuli tisa, nilijiambia.

Lakini hiyo ni hoja ya mtu aliyeumwa na nyoka. Oktoba 2020, siku za uchaguzi wa Tanzania, Twitter ilifungiwa, na tulipoteza njia ya kuwafikia wengi. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mwengine, intaneti ikakatwa nchi nzima, na ikaendelea kuwa hivyo kwa siku kadhaa. Siku hizo kompyuta yetu ilikuwa nzima. Haikuwa na homa hata kidogo. Tulikuwa tunaandika na wa nyumbani hawasomi, na wao wana habari na hawawezi kutuletea. Tungekuwa na kipande kimoja au elfu, ukuta ulikuwa ule ule. Yaliyotufaa wakati ule ni watu waliovuka mipaka na simu zilizojaa picha, na hilo halimo katika kitabu chochote cha ujenzi wa programu.

Basi kikao cha mwisho kilikaa kwa muda wa saa tatu, na uamuzi ni huu. Hatuvunji vipande tisa. Fowler mwenyewe, mmoja wa wale waliolitangaza jina, aliandika mwaka 2015 kwamba ni bora kuanza na programu moja na kuvunja pale unapobanwa, kwa sababu mwanzoni huwezi kujua mipaka iko wapi. Sisi tunajua mpaka mmoja, umetuonesha msiba. Picha zitatolewa nje. Zitakuwa na programu yake na kompyuta yake ya kukodi, na zikizidiwa zitakufa peke yake. Misiba nayo itatolewa, lakini kwa njia nyengine kabisa: kila tangazo likiwekwa litageuzwa papo hapo kuwa ukurasa mkavu, maandishi matupu, usiohitaji databesi wala programu ya kuupika. Nakala zake zitakaa kwenye kompyuta mbili za kampuni mbili tofauti, katika nchi mbili. Ukurasa mkuu ukianguka, ule utasimama. Dada wa misiba ameuliza kama ataweza kuandika tangazo hata programu kubwa ikiwa imekufa, na hilo ndilo swali lililotuchukua saa nzima. Jibu ni ndiyo, atakuwa na mlango wake.

Yaliyobaki yatakaa pamoja, nyumba moja, ila kijana wetu amepewa miezi sita ya kuweka kuta ndani yake, habari chumba chake, nauli chumba chake, na milango inayojulikana. Kampuni kubwa kama Shopify ya Canada inaishi hivyo, programu moja kubwa yenye vyumba. Na tumekubaliana kumlipa. Si kingi, lakini ni mara ya kwanza, na kwa hilo tutawaomba wasomaji mchango baadaye kwa tangazo mbali.

Kazi itaanza Jumapili hii saa nne usiku kwa saa za London, saa saba usiku kwa Afrika Mashariki, saa nane usiku kwa Oman na Dubai. Kwa muda wa kama saa mbili picha hazitafunguka. Baada ya hapo fundi ameomba ruhusa ya kuzima ukurasa mzima kwa makusudi, dakika kumi, ili aone kama misiba itabaki. Tumemruhusu. Yule mzee wa Muscat nimempigia kumweleza, nikamwambia afungue ukurasa akishasali Alfajiri ya Jumatatu, anieleze amekuta nini. Amesema atafungua, ila kwanza akaniuliza nambari yake mpya nimeiandika wapi. Nimeiandika kwenye daftari, karatasi, kwa kalamu ya wino.